Diana Amesoma kwa Sauti

Momela,
Jumapili, 19 Januari 2025

Mwalimu Shayo,

Shikamoo.

Hatujaonana. Mimi ni Nashipae Lomayani, mwalimu mpya niliyepewa Darasa la Nne, watoto uliokuwa unawafundisha kabla hujastaafu, pamoja na nyumba ya mwalimu uliyokuwa unakaa. Mwalimu Mkuu alinipa namba yako ya simu nikuulize mambo madogo madogo, lakini Bariki, dereva wa Fuso la nyanya, ameniambia husikii vizuri kwenye simu na kwamba unapenda barua. Nilifurahi kusikia hivyo. Na mimi napenda barua. Bariki anashuka mjini mara kwa mara, amekubali kuwa tarishi wetu ilimradi tusimseme vibaya.

Maswali yangu ni haya. Mlango wa bafu haufungi. Nimeusukuma mpaka bega linauma. Halafu kuna mbwa. Niliambiwa umehama, sikuambiwa umeacha mbwa. Analala mlangoni, na nikitaka kupita ananiangalia kama askari anayesubiri kitambulisho. Anaitwa nani, na anakula nini? Nilimpa makande, akayanusa akaondoka.

Na darasani: nikiingia asubuhi watoto wanasimama na kuimba wimbo wa kuzidisha ambao sijawahi kuusikia popote. Wanauimba mpaka mwisho, wanapiga makofi, ndipo wanakaa. Sikuwaomba. Je, niwaache waimbe kila siku?

Mimi ni mtu wa Olmotonyi, upande wa pili wa mlima, na hii ndiyo shule yangu ya kwanza. Kimeru sijui, kwa hiyo wakitaka kunisengenya wananisengenya mbele yangu. Nitashukuru kwa ushauri wowote.

Ni mimi mtiifu,
Mwl. Nashipae Lomayani


Kwa Mrombo, Arusha,
Ijumaa, 24 Januari 2025

Mwanangu Nashipae,

Marahaba, na karibu shuleni kwangu.

Mlango wa bafu usiusukume. Inua kitasa juu, uuvute kidogo kwako, kisha urudishe taratibu. Ule mlango una tabia ya mkaguzi wa elimu: ukishindana naye anakaza, ukimnyenyekea anafunga.

Mbwa anaitwa Kamati. Nilimpa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alikuwa anakaa tu, anasikiliza kila mtu, halafu hafanyi lolote. Anakula ugali uliopoa wenye supu ya dagaa. Nilitaka kuja naye mjini, lakini binti yangu Anneth, ninayeishi kwake, ana vigae vyeupe. Nikuonye mapema usije ukajisikia vibaya: hatakuzoea. Ni mbwa wa mtu mmoja.

Wimbo wa kuzidisha nimeutunga mwenyewe. Hao watoto ninao tangu Darasa la Kwanza, nimepanda nao kila mwaka, kwa hiyo nawajua kama vidole vyangu. Wimbo usiuguse. Rodrick na Lesian usiwakalishe pamoja hata wakikulilia. Diana, binti wa Mama Elizabeth, usimuulize swali mbele za watu. Ana kigugumizi kikali. Akianza neno linamkwama, machozi yanamtoka, darasa lote linaumia. Mimi nikiona amekwama namsaidia kumalizia, mambo yanaendelea. Mwache hivyo hivyo. Kusoma kwa sauti hataweza, nimejaribu kila njia.

Huku kwangu ni raha tupu. Kazi yangu ni kutazama televisheni na kuulizwa kama nimekunywa dawa. Anneth amenikataza kushika jembe kwenye maua yake. Jumapili nilisahihisha kwa kalamu nyekundu matangazo ya kanisa nikamrudishia mzee wa kanisa. Alinishukuru kwa sauti ya mtu aliyeumwa na siafu.

Wanaendeleaje watoto wangu? Wananiulizia?

Ph. Shayo


Momela,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwalimu Shayo,

Shikamoo. Mlango umefunga! Nilicheka peke yangu bafuni.

Kamati sasa analala ndani, pembeni ya kitanda changu. Usiku mmoja upepo wa mlimani ulivuma vibaya, nikamwonea huruma nikamfungulia. Tangu siku hiyo hatoki. Nikienda darasani ananisindikiza mpaka kwenye mlingoti wa bendera.

Wimbo tumeupumzisha kidogo. Niligundua watoto wanauimba wote vizuri, ila ukimkatisha mmoja katikati ukamuuliza nane mara sita ni ngapi, inabidi aanze tena wimbo kutoka mwanzo. Kwa hiyo tumekusanya vizibo vya soda, kila mtoto ana mfuko wake, tunahesabu kwa makundi. Kelele ni nyingi lakini wanaelewa. Rodrick na Lesian nimewakalisha pamoja. Wanagombana kuhusu nani atamaliza kwanza, na hiyo inasaidia.

Habari kubwa nimeiacha mwisho. Alhamisi Diana amesoma. Alisimama mwenyewe, sikumwita, akasoma aya nzima kwa sauti mbele ya wenzake. Alikwama, akaendelea, akakwama, akamaliza. Naisula anayekaa naye alimshika mkono alipokaa. Mimi niligeuka nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Nilijua utafurahi.

Wanakuulizia, ndiyo. Siku za mwanzo zaidi.

Mwl. Nashipae


Kwa Mrombo,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Mwanangu Nashipae,

Nimepokea barua yako. Nakurudishia, nimeweka alama nyekundu palipo na makosa. Hujui kutumia mkato, lakini chuo siku hizi hawafundishi, si kosa lako.

Kuhusu Diana: Diana yupi? Mtoto niliyemfundisha miaka mitatu hasomi kwa sauti, na mtoto habadiliki kama taa ya umeme. Watoto wa namna ile wana kumbukumbu kali. Mwenzake akisoma mara mbili tatu, anakariri, halafu anapitisha pitisha macho kwenye kitabu. Sisemi amekudanganya. Nasema wewe ni mgeni.

Mbwa hatakiwi kulala ndani. Viroboto.

Na vizibo vya soda, sawa. Mimi pia nilipokuwa kijana nilipenda michezo.

Jumatatu Mama Elizabeth, mama yake Diana, alileta maparachichi sokoni hapa Kwa Mrombo, akapita kunisalimia. Ameniletea na mimi mfuko mzima. Huyo mama hanisahau. Tulikaa barazani tukazungumza mengi ya huko. Mengine wewe hukuniandikia. Si neno.

Nisalimie wale ambao bado wananiulizia.

Ph. Shayo


Momela,
Jumapili, 23 Februari 2025

Mwalimu Shayo,

Shikamoo. Barua yangu uliyoisahihisha nimeitundika ukutani, kwenye mmojawapo wa misumari uliyoiacha. Misumari ni mingi, nilikuwa nakosa cha kutundika.

Hapa mambo ni mazuri mno. Wazazi wananiletea maziwa mpaka nagawia majirani. Nimeanzisha kwaya ya darasa, tumealikwa kuimba kule Maji ya Chai, njia ya mjini, siku za usoni. Watoto hawataki kwenda nyumbani jioni, inabidi niwafukuze. Mwalimu Mkuu amesema hajawahi kuona Darasa la Nne likichangamka namna hii. Kamati amenenepa.

Diana anasoma kila siku sasa.

Sina swali lolote. Nimeandika kukusalimu tu.

Nashipae


Kwa Mrombo,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Nashipae,

Jana nilimwambia Anneth nakwenda kunyoosha miguu. Jirani na soko kuna shule ya msingi. Sikuwa nimepanga. Nilisikia watoto wakijibu wote kwa pamoja, ile sauti yao ya asubuhi, miguu ikasimama yenyewe. Nilisimama kwenye uzio nikisikiliza kipindi cha sayansi. Mwalimu alikuwa anakosea kuhusu mizizi, nikashika waya kwa mikono miwili. Mlinzi akaja. "Mzee, una mjukuu hapa?" Nikamwambia sina. "Basi unatafuta nini?" Niliachia waya, mimi mtu mzima, nimefundisha maisha yangu yote. Akaniambia kwa adabu nisogee.

Nakuandikia hili ili ujue barua zako zinasomwa na mtu wa namna gani. Usiniandikie tena habari za maziwa na kwaya. Kwaya sikuwahi kualikwa popote. Usiniandikie Mwalimu Mkuu amesema nini. Tumekaa ofisi moja na yule mtu na hakuwahi kuniambia neno zuri mpaka siku ya kuniaga.

Anneth amekubali Kamati akae nyuma ya nyumba. Mpandishe kwenye Fuso la Bariki. Ni mbwa wangu.

Ph. Shayo


Momela,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwalimu Shayo,

Shikamoo leo sitaiandika.

Jana kulikuwa na kikao cha wazazi. Bariki ananiambia nusu yake ulishaijua kabla hakijafanyika, kwa hiyo nakuandikia nusu nyingine.

Mama Elizabeth alisimama. Akasema, "Mimi sina ugomvi na huyu binti. Lakini mwanangu ana kigugumizi, na mmempa mwalimu mwenye kigugumizi. Si ndiyo atakwama moja kwa moja?"

Mzee Lemomo, mwenyekiti wa kamati ya shule, akamuuliza, "Nani kakwambia kigugumizi kinafundishwa?"

"Mwalimu Shayo. Nilimfuata mpaka Kwa Mrombo nikamweleza jinsi huyu anavyoongea. Kasema watoto humuiga mwalimu wao. Kasema mwalimu asiyeweza kumaliza sentensi atafundisha sentensi gani. Na kasema Diana hajasoma, kakariri tu."

Watu wakaguna. Jina lako hapa bado ni kama muhuri, ukigongwa hakuna anayeuliza tena.

Nikapewa nafasi ya kujibu. Nilisimama. Nilitaka kuanza na neno "mtoto". Likakwama kwenye herufi ya kwanza. Wewe unajua chumba kinavyonyamaza mtu akikwama, umekiona kwa Diana. Sasa kijaze watu wazima. Baba mmoja nyuma akanimalizia, kwa upole kabisa: "Mtoto?" Wengine wakacheka, na waliobaki wakaniangalia kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Nikakaa.

Ndiyo, nina kigugumizi. Ndiyo maana nilifurahi kusikia hupendi simu. Kwenye karatasi sikwami. Nilitaka kuwe na mtu mmoja duniani anayenijua bila kunisikia kwanza. Nikakuchagua wewe.

Na mimi nikwambie ukweli wangu. Hakuna maziwa. Hakuna kwaya, siwezi kuimba hata kidogo. Mwalimu Mkuu hajasema chochote. Nilichoandika cha kweli ni vizibo, mbwa na Diana. Tangu nimefika, nikigusa kitu chochote naambiwa, "Mwalimu Shayo hakufanya hivyo." Nikifungua dirisha, Mwalimu Shayo alifungua lile jingine. Nikifurahi, Mwalimu Shayo alikuwa anafurahi hivi. Nilikuonea wivu mpaka nikakuchoka kabla sijakuona sura, na zile habari za raha nilikuandikia ili zikuume kidogo. Zilikuuma. Lakini mimi nilirusha jiwe dogo, wewe umeangusha nyumba.

Kikao kingine ni Jumamosi ijayo. Watapiga kura kama wamwombe Afisa Elimu anihamishe. Ijumaa nakwenda kwa mama yangu Olmotonyi. Sitakaa hapa nisikilize watu wakinihesabia mikono.

Kamati nilijaribu kumpandisha kwenye Fuso kama ulivyoagiza. Akaruka chini. Hilo umkasirikie yeye mwenyewe.

Nashipae Lomayani


Kwa Mrombo,
Jumapili, 16 Machi 2025

Mwalimu Nashipae,

Bariki ameapa atakufikishia hii mkononi, hata ikibidi kuuliza Olmotonyi nyumba kwa nyumba.

Nilikwenda kwenye kikao. Anneth alisimama getini kunizuia. "Baba, wewe ni mstaafu. Unakwenda kikao gani?" Nikamwambia kikao changu. Nikapanda Fuso, nikakaa mbele na Bariki, makreti matupu yakigongana nyuma njia nzima.

Sitakudanganya kwamba nilipanda nikiwa nimeshaamua. Mpaka tunafika Maji ya Chai nilikuwa upande wako. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Lakini tulipoacha lami tukaanza kupanda, nikauona mlima kutoka upande niliouzoea, nikaanza kuwa upande wangu tena. Nilipofika shuleni watoto walitoka mbio wakipiga kelele, akina mama wakanishika mikono, mtu akanipa kiti cha mbele. Nilijiona kama askofu. Kamati alinirukia akanilamba, nikasema moyoni, umeona? Halafu akaniacha, akaenda kulala mbele ya mlango wako uliofungwa.

Mzee Lemomo akafungua kikao. Neno lake la kwanza lilikuwa kwangu. "Mwalimu, huyu binti ameondoka na hatujui kama atarudi. Nyumba ipo. Ungetushikia darasa mpaka serikali ilete mwingine?"

Watu wakapiga makofi. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa mdomoni. Niliionja.

Nikasema kwanza nimsikie Diana. Wakadhani ni haki ninayotafuta. Haikuwa haki. Nilitaka ashindwe mbele yao, ili nikubali darasa bila dhambi. Mama yake alikuwa amekuja naye makusudi, asikilizwe. Nikatoa gazeti ambalo Bariki alilinunua njiani asubuhi hiyo, kitu ambacho hakuna aliyeweza kukikariri, nikamchagulia habari ya bei ya mazao.

Alisimama. Naisula akasimama naye. Akaanza, "Wakulima wa vi... vi... vi..."

Nikamsaidia. "Vitunguu."

Naisula akaniangalia, bila utovu wa adabu, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. Akasema, "Mwalimu, huwa tunasubiri."

Nikatazama wale wengine. Rodrick, Lesian, wote waliokuja na wazazi wao. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeinama kwa aibu. Walikuwa wametulia tu, kama watu wanaongoja maji ya chai yachemke. Diana akavuta pumzi. Akarudi nyuma, neno langu akaliacha, akalianza la kwake: "Wakulima wa vitunguu." Akaendelea. Akakwama tena, na tena, na mimi mikono nikaitia mfukoni, meno nikayabana, maana ulimi ulikuwa unataka kuruka. Alisoma habari nzima. Hata jina la wilaya ambalo Mzee Lemomo mwenyewe baadaye alilikosea.

Miaka mitatu nilimmalizia maneno mtoto yule, nikijua ni upole.

Mama Elizabeth alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Akamuuliza Naisula, "Nani kawafundisha kusubiri?"

"Mwalimu Nashipae. Yeye anatusubiri, na sisi tunamsubiri."

Nikasimama. Yale maneno mazuri ya kwenye Fuso yalikuwa yamepotea. Nikasema niliyomwambia Mama Elizabeth barazani kwangu yalikuwa maneno ya mtu mwenye wivu, si ya mwalimu. Nikasema kigugumizi hakifundishwi, na nilijua hivyo siku ile nilipokuwa nasema kinyume. Mtu akauliza, "Kwa hiyo wewe darasa hulichukui?" Nikasema hapana. Hapana hiyo ilitoka kwa shida kuliko neno lolote la Diana, na wale watoto waliisubiri.

Kura haikupigwa. Mzee Lemomo alifunga kikao kwa sala. Mama Elizabeth aliniuliza nyumbani kwa mama yako ni wapi, nikamwambia sijui zaidi ya jina la mahali.

Nisikufiche. Nimerudi Kwa Mrombo na wivu uleule, na nadhani umekua. Walinipenda, najua. Walinisalimia kwa sauti moja tangu wakiwa hawajui kushika penseli. Lakini wewe wanakusubiri. Mimi hawakuwahi kunisubiri, kwa sababu sikuwahi kuwaonyesha mahali ninapokwama.

Rudi darasani.

Ph. Shayo


Momela,
Jumatano, 19 Machi 2025

Mwalimu Shayo,

Shikamoo.

Nimerudi. Sikurudi kwa sababu ya barua yako. Mama Elizabeth alifika Olmotonyi kabla ya Bariki, Jumapili baada ya ibada, amemshika Diana mkono, maparachichi kichwani. Aliulizia njia nzima kwa watu asiowajua. Alipofika alikaa kwenye kigoda, akataka kuongea, akashindwa kuanza. Akashika kikombe, akakiweka. Mama yangu, ambaye alijua mgeni huyu ni nani na alichosema kikaoni, akamwambia, "Ongea tu ukiwa tayari. Nyumba hii tuna uzoefu." Mama Elizabeth akalia kwanza. Halafu akasema. Mimi na Diana tulikuwa nje tunawaangalia mbuzi, tukijifanya hatusikii.

Jumatatu nikaingia darasani. Nilidhani watanikimbilia. "Mwalimu! Mwalimu Shayo alikuja! Alipanda Fuso! Alivaa koti! Alisema hapana!" Kipindi kizima ilikuwa wewe. Rodrick aliigiza unavyotembea. Niliona wivu mpaka nikawaambia wafungue vitabu vya Hisabati, na haikuwa hata zamu ya Hisabati. Kwa hiyo usifikiri uko peke yako.

Barua yako, aliyoileta Bariki Jumapili hiyohiyo jioni, nilimsomea mama. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimsomee tena sehemu ya Naisula. Halafu akauliza, "Huyu mzee ameeleza vizuri sana. Lakini samahani ameomba wapi?" Nikatafuta. Nimetafuta tena leo. Umewaambia wazazi ukweli, umeniambia ulichotaka na ulichoonja, umeniamuru nirudi. Neno lenyewe halimo.

Watoto wanataka uje kuwatembelea. Mimi sijui kama nataka. Wewe una sauti na mimi sina, na wimbo wako wa kuzidisha wanaukosa. Sasa wanajua maana yake, wangeuimba vizuri zaidi. Ukija utakaa nyuma, kwenye dawati la mgeni, na utakayoyaona hutayasahihisha. Fikiria kama utaweza.

Nashipae


Kwa Mrombo,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Mwalimu mwenzangu Nashipae,

Samahani.

Mama yako anasoma vizuri kuliko mimi. Neno hilo nililiandika mwanzoni kabisa mwa barua ile, likaonekana dogo peke yake pale juu, nikalifuta nikaweka maelezo. Leo naliacha lilivyo. Samahani kwa niliyoyasema juu yako barazani, na kwa kuyasema kwa mtu niliyejua atayabeba. Nilipomwona anaondoka nilijua anayapeleka wapi. Sikumrudisha.

Kuhusu kuja. Jana nilikaa kitandani nikajaribu kujiona kwenye dawati la nyuma. Wewe unafundisha, mtoto anakosea, wewe unamwacha akosee mpaka afike mwisho. Niliona mkono wangu ukinyanyuka. Kitandani, peke yangu, hakuna darasa, na mkono ulinyanyuka. Kwa hiyo bado. Nipe mpaka masika yaishe. Nikiweza kumaliza kipindi kizima nimenyamaza, nitamwambia Bariki anipitie. Nisipoweza nitakuandikia mwenyewe, hutasikia kwa mtu sokoni.

Mbwa abaki huko.

Anneth ameniletea chai sasa hivi, akaniuliza, "Baba, unamwandikia nani kila mara?"

Nikamwambia, mwalimu wa Darasa la Nne.

Akacheka. "Si ndiye wewe?"

"Hapana," nikamwambia. "Anaitwa Nashipae Lomayani. Yuko Momela."

Philemoni Shayo